Kuwafungulia Wanafunzi wa Sekondari Mlango wa Kemia ya Viwandani: Ushirikiano wa Shule na Viwanda Nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanafunzi wa shule za sekondari wanavyoweza kuingizwa katika kemia ya viwandani kwa njia ya ushirikiano wa vitendo kati ya shule na sehemu za uzalishaji. Mifano inatoka katika uzalishaji unaopatikana nchini Tanzania: chumvi, sabuni, maji ya bomba na saruji. Hoja kuu ni kuwa ziara ya siku moja haitoshi kumfundisha mwanafunzi kemia ya kiwandani. Kinachofundisha ni tatizo halisi la uzalishaji, linaloletwa mbele ya mwanafunzi ili alipime, alikokotoe na alitolee uamuzi. Kwa kuwa tatizo husafiri kwa gharama ndogo kuliko basi, njia hii inaweza kuzifikia hata shule zilizo mbali na miji ya viwanda, endapo usalama, lugha na usawa vitazingatiwa tangu mwanzo.

Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania hutarajiwa kueleza jinsi asidi ya salfuriki inavyotengenezwa kwa wingi. Hujifunza kuwa dayoksaidi ya salfa huunganishwa na oksijeni kwenye halijoto ya takriban nyuzi 450 za Selsiasi, mbele ya kichocheo cha oksidi ya vanadiamu. Huandika mlinganyo, huusawazisha, na hupata alama zake. Akiulizwa kwa nini halijoto iwe 450 na si 200 au 800, wengi hujibu kuwa ndivyo ilivyoandikwa kitabuni.

Jibu hilo linaonesha pengo lililopo. Kemia ya viwandani ni elimu ya kuchagua. Halijoto ya juu huongeza kasi ya mmenyuko, lakini kwa kuwa mmenyuko huo hutoa joto, halijoto hiyohiyo hupunguza kiasi cha zao kinachopatikana msawazo unapofikiwa. Halijoto ya chini huongeza kiasi, lakini humfanya mzalishaji asubiri mno. Nyuzi 450 ni mapatano kati ya kasi, kiasi na gharama. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuona uamuzi wa namna hiyo ukifanyika huikariri namba kama anavyokariri tarehe ya tukio la historia.

Haja ya kuziba pengo hilo imeongezeka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika elimu ya sekondari, yaani elimu ya jumla na elimu ya amali, na utekelezaji wake ulianza Januari 2024. Mabadiliko hayo yanadai kuwa maarifa yaonekane katika kazi. Swali linalobaki kwa mwalimu wa kemia ni la utekelezaji: je, kazi hiyo ionekane wapi, kwa vifaa gani, na kwa msaada wa nani?

Tofauti kati ya kemia ya maabara na kemia ya kiwandani

Ni muhimu kwanza kubainisha kile ambacho mwanafunzi hakipati katika maabara ya shule, hata iwe na vifaa kamili. Tofauti kubwa ni nne.

Ya kwanza ni ukubwa. Chombo kikikuzwa mara kumi kwa urefu, upana na kimo, eneo la kuta zake huongezeka mara 100, lakini ujazo wake huongezeka mara 1,000. Hivyo, kila lita ya kilichomo hupata sehemu ya kumi tu ya ukuta iliyokuwa nayo hapo awali. Joto hutoka kupitia ukuta. Mmenyuko unaopasha bika kidogo na kuiacha ipoe yenyewe unaweza kuchemsha na kufurisha pipa. Mwanafunzi anayelielewa jambo hili anaelewa pia kwa nini kiwanda hutumia fedha nyingi kwa ajili ya kupoza.

Ya pili ni malighafi. Katika maabara, kabonati ya kalsiamu hutoka kwenye chupa yenye lebo. Kiwandani hutoka mlimani, ikiwa imechanganyika na mchanga, chuma na udongo, na uwiano wake hubadilika kadiri uchimbaji unavyosogea. Ndiyo sababu viwanda huwa na maabara zao za kupima kilichoingia kabla ya kuamua kitakachofanyika.

Ya tatu ni mabaki. Katika jaribio la shule, hewa inayotoka huishia dirishani na majimaji huishia kwenye sinki. Kiwandani, kila kilo inayoingia lazima ijulikane ilikotokea na ilikokwenda, kwa sababu mabaki yana gharama, yana sheria, na yana majirani.

Ya nne ni bei. Mwanafunzi husifiwa kwa kupata zao safi. Mzalishaji hupima usafi huo dhidi ya gharama ya kuufikia. Chumvi ya kuhifadhia ngozi haihitaji usafi wa chumvi ya maabara.

Tofauti hizi nne hazifundishiki kwa maelezo matupu. Mwanafunzi huzifahamu anapokutana na kazi inayomlazimu kuzizingatia.

Usuli wa ushirikiano wa shule na uzalishaji

Fikra ya kuunganisha shule na uzalishaji si ngeni katika Afrika Mashariki. Kabla ya ujio wa shule za kisasa, maarifa ya kemia yalirithishwa kazini. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Victoria, mafundi waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo, na kijana alijifunza uwiano wa mkaa na mawe ya chuma kwa kukaa kando ya mjuzi.

Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule iwe sehemu ya uzalishaji na mwanafunzi ajifunze kwa kufanya na kwa kuamua. Utekelezaji wake uliacha funzo muhimu. Mahali ambapo shamba la shule lilitumika kujaribia mbegu, kupima udongo na kuweka hesabu, kazi ilikuwa somo. Mahali ambapo jembe lilitolewa bila swali lolote la kujibu, kazi iligeuka kuwa utumishi, na pengine adhabu. Hatari hiyohiyo inaukabili ushirikiano wa leo: mwanafunzi anayepelekwa kiwandani kufungasha bidhaa kwa wiki nzima hajasoma kemia, amefanya kibarua bila ujira.

Nje ya Afrika Mashariki ipo mifano ya kujifunza kwayo. Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza kilianzisha mwaka 1988 kituo cha elimu kuhusu viwanda vya kemikali, ambacho kazi yake ni kuwaunganisha walimu na wazalishaji na kuandaa mazoezi yanayotokana na uzalishaji halisi. Mwaka huohuo, Jumuiya ya Kemia ya Marekani ilitoa kozi ya sekondari iliyofahamika kwa jina la ChemCom. Kozi hiyo haikuanza na muundo wa atomu. Ilianza na mji wa kubuni ambao samaki wa mto wake wamekufa ghafla, na wanafunzi wakatakiwa kutafuta sababu. Dhana za umumunyifu, asidi na vipimo ziliingia kila zilipohitajika katika uchunguzi. Mfano huu unaonesha kuwa mpangilio wa somo unaweza kuanza na tatizo bila kupoteza uzito wa kitaaluma.

Mifano minne ya uzalishaji unaofundishika

Chumvi

Katika pwani ya Tanzania, chumvi hutengenezwa kwa kuingiza maji ya bahari katika mabwawa ya kina kifupi na kuyaacha yakauke kwa jua. Kilo moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na zaidi ya robo tatu yake ni kloridi ya sodiamu. Wazalishaji hawakaushi maji yote katika bwawa moja, bali huyahamisha kutoka bwawa hadi bwawa. Sababu ni ya kikemia. Kabonati ya kalsiamu hujitenga kwanza, ikifuatiwa na jasi. Kloridi ya sodiamu huanza kufanya fuwele maji yanapobaki takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wa mwanzo. Chumvi za magnesiamu, zenye uchungu, hubaki majini hadi mwisho. Kuhamisha maji kwa wakati ni kutenganisha michanganyiko kwa umumunyifu, mada ambayo mwanafunzi huisoma darasani kwa karatasi ya kuchujia.

Kazi inayofaa hapa ni mwanafunzi kupima msongamano wa maji ya kila bwawa na kutabiri ni bwawa lipi litaanza kutoa chumvi. Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, kazi ya pili ni kupima madini joto. Chumvi ya mezani huongezwa ayodeti ya potasiamu ili kuzuia tezi la shingo. Sampuli ikiyeyushwa na kuwekewa asidi na ayodidi ya potasiamu, kila moli moja ya ayodeti hutoa moli tatu za ayodini, na ayodini hiyo hupimwa kwa thayosalfeti huku wanga ukitumika kama kionyeshi. Mwanafunzi akichukua chumvi ya duka lililo jirani na nyumbani kwao, jibu analolipata linahusu afya ya familia yake.

Sabuni

Utengenezaji wa sabuni ndio uzalishaji ulio karibu zaidi na shule nyingi, kwa sababu hufanywa na wajasiriamali wadogo mijini na vijijini. Mafuta humenyuka na hidroksidi ya sodiamu, inayojulikana madukani kama kostiki soda, na kutoa sabuni na gliserini.

Hapa ndipo hesabu za moli zinapoacha kuwa zoezi la mtihani. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za hidroksidi ya sodiamu ili kugeuka yote kuwa sabuni. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 141. Tofauti inatokana na urefu wa minyororo ya asidi za mafuta: minyororo ya nazi ni mifupi, hivyo kilo moja ina molekuli nyingi zaidi. Mtengenezaji aliyezoea nazi, akabadilisha na kutumia mawese bila kubadilisha kipimo, atabakiza takriban gramu 42 za soda ambazo hazijamenyuka katika kila kilo ya mafuta. Soda hiyo itamuunguza ngozi mnunuzi. Ndiyo maana watengenezaji waangalifu hupunguza soda kwa takriban asilimia tano chini ya kiwango kilichokokotolewa, ili kinachobaki kiwe mafuta.

Mwanafunzi anaweza kupewa mafuta asiyoyajua na kutakiwa kutafuta kipimo chake cha soda kabla ya kundi la wajasiriamali kuyatumia. Ushirikiano wa namna hii unanufaisha pande zote mbili: mjasiriamali hupata kipimo ambacho hangekuwa na vifaa vya kukipata, na mwanafunzi hugundua kuwa kosa katika nafasi ya desimali lina maumivu.

Maji ya bomba

Mtambo wa kusafisha maji ni kiwanda cha kemikali ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa ni kiwanda. Maji ya mto huingia yakiwa na tope laini ambalo halitulii lenyewe, kwa sababu chembe zake zina chaji ya aina moja na husukumana. Shabu, yaani salfeti ya aluminiamu, huondoa msukumano huo. Chembe hushikana, huwa nzito na kuzama. Kisha maji huchujwa katika mchanga na kuwekewa klorini. Klorini kubwa huwekwa baada ya tope kuondolewa, kwa kuwa mabaki ya mimea na viumbe humenyuka nayo na kuimaliza kabla haijaua vijidudu.

Kipimo cha shabu hakiandikwi mara moja kwa mwaka mzima. Mvua ikinyesha milimani, mto hubadilika rangi, na mkemia wa zamu hulazimika kupima upya. Hujaza vyombo kadhaa kwa maji yaleyale, huweka kiasi tofauti cha shabu katika kila kimoja, hukoroga kwa kasi kisha polepole, na huacha yatulie. Huchagua kiasi kidogo kabisa kinachotosha. Jaribio hili linaweza kurudiwa shuleni kwa chupa za plastiki zilizokatwa, maji ya mto wa jirani na shabu ya dukani. Mwanafunzi anaweza pia kulinganisha shabu na mbegu za mlonge zilizosagwa, ambazo protini zake hukusanya tope kwa namna inayofanana. Kila kundi likitakiwa kutetea kipimo chake mbele ya mkemia wa mtambo, darasa linakuwa na mjadala wa kitaalamu.

Saruji

Saruji ni mfano wa uzalishaji ambao mwanafunzi hawezi kuugusa. Kiwanda cha Wazo Hill jijini Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na vile vya Tanga na Mbeya, hutumia mawe ya chokaa yanayochanganywa na udongo na kuchomwa katika tanuru linalozunguka hadi takriban nyuzi 1,450. Kinachotoka ni klinka, ambayo husagwa pamoja na jasi kidogo ili saruji isigande kabla fundi hajaitandaza.

Ingawa tanuru halisogelewi, kemia yake inapimika. Kila gramu 100 za kabonati ya kalsiamu safi zikichomwa hutoa gramu 56 za chokaa na gramu 44 za hewa ukaa. Kwa hiyo, tani moja ya kabonati hutoa kilo 440 za hewa ukaa hata kama moto unaotumika ungekuwa wa umeme usio na moshi. Mwanafunzi anayepata namba hii kwa kukokotoa mwenyewe anaelewa kwa nini saruji ni mzigo katika mjadala wa tabianchi, na kwa nini kubadilisha nishati peke yake hakuumalizi mzigo huo.

Kiwanda kinaweza kuipatia shule sampuli za mawe kutoka sehemu mbalimbali za machimbo, pamoja na majibu ya maabara yake yakiwa katika bahasha iliyofungwa. Wanafunzi huyeyusha sampuli katika asidi ya hidrokloriki iliyozidi, hupima asidi iliyobaki kwa alkali, hukokotoa asilimia ya kabonati, kisha hufungua bahasha. Penye tofauti, swali huwa ni nani amekosea na kwa sababu gani. Kazi hii yote hufanyika bila mwanafunzi kutoka katika uzio wa shule.

Mpangilio wa ushirikiano

Mifano hiyo minne inaonesha kuwa ushirikiano unahitaji hatua tatu, na kuwa ziara, endapo ipo, ni hatua moja tu kati yake.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya wanafunzi kuhusishwa. Mwalimu hutembelea sehemu ya uzalishaji peke yake, akiwa na muhtasari wa somo mkononi, na kutafuta mahali ambapo mada na kazi zinakutana. Kasi ya mmenyuko, ugumu wa maji, uchambuzi wa ujazo, msawazo na uchafuzi wa mazingira ni mada zenye nafasi pana. Mwalimu na mtaalamu wa kiwanda huandika pamoja swali moja ambalo jibu lake kiwanda kinalihitaji kweli. Makubaliano huwekwa kwa maandishi: idadi ya wanafunzi, maeneo wanayoruhusiwa, siri za biashara zinazolindwa, na anayewajibika ajali ikitokea.

Hatua ya pili ni kazi yenyewe, iwe kiwandani au shuleni. Makundi yawe madogo, na kila kundi liwe na kipimo chake cha kuchukua. Mwanafunzi aliyesimama katika mstari wa watu 80 nyuma ya mtoa maelezo, katikati ya kelele za mashine, hurudi na picha na uchovu. Mwenye daftari na jedwali la kujaza hurudi na data.

Hatua ya tatu ni marejesho. Wanafunzi huandika taarifa fupi kwa kiwanda, na kiwanda hujibu. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, ilhali ndiyo inayobeba maana. Mtaalamu akiandika kuwa kipimo fulani hakiaminiki kwa kuwa kilifanywa mara moja tu, mwanafunzi hujifunza umuhimu wa kurudia kipimo kwa namna ambayo alama nyekundu ya mwalimu haikuweza kumfundisha.

Usalama

Hakuna sababu ya kielimu inayohalalisha kumweka mtoto hatarini. Vifaa kinga, yaani miwani, glovu, buti na kofia ngumu, viwepo kabla ya kazi kuanza, na kwa ukubwa unaowatosha vijana. Hata hivyo, kinga ya kwanza ni maarifa. Mwanafunzi anayeshiriki kutengeneza sabuni ajue kwa nini soda hutiwa katika maji na si maji juu ya soda: umumunyaji wake hutoa joto jingi, na maji machache juu ya soda nyingi huweza kuchemka na kuruka usoni. Ajue pia kwa nini sufuria ya aluminiamu haifai: soda huila metali hiyo na kutoa hewa ya hidrojeni, inayowaka. Kanuni inayofuatwa pamoja na sababu yake hudumu hata msimamizi anapogeuka.

Inafaa kila kazi ipitiwe na mtaalamu wa usalama wa kiwanda na mwalimu kwa pamoja, na kila mmoja awe na haki ya kuisimamisha.

Nafasi ya lugha

Suala la lugha lina uzito wa pekee nchini Tanzania. Mwanafunzi husoma kemia kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, ilhali fundi wa tanuru, mpimaji wa maji na mtengenezaji wa sabuni hueleza kazi zao kwa Kiswahili. Ushirikiano wa vitendo huzikutanisha lugha hizo mbili katika kazi moja. Mara nyingi mwanafunzi aliyekuwa kimya darasani huuliza swali la kina anapozungumza na fundi, kwa sababu kizuizi hakikuwa kemia, kilikuwa maneno.

Mwalimu anaweza kuitumia hali hiyo kwa makusudi. Wanafunzi huandaa faharasa ya lugha mbili kabla ya kazi: chokaa, jasi, shabu, magadi, kichocheo, msawazo. Baadhi ya maneno haya yana historia ndefu ya matumizi. Mpishi anayetia magadi katika maharage ili yaive upesi anatumia kabonati za sodiamu zilezile zinazovunwa kwa wingi katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako kampuni ya kuzizalisha iliundwa mwaka 1911, na ambazo hutumika kutengeneza kioo. Mwanafunzi anayetambua uhusiano huo hugundua kuwa kemia haikuletwa nyumbani kwao na kitabu.

Usawa na changamoto

Viwanda vikubwa viko katika miji michache, wakati shule za sekondari za kata, zilizoongezeka sana tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, zimetapakaa nchi nzima. Kampeni ya ujenzi wa maabara katika shule hizo, iliyopamba moto mwaka 2014 na 2015, iliongeza vyumba. Vyumba peke yake havitoshi bila kemikali, vifaa na mwalimu. Endapo ushirikiano utaeleweka kuwa ni kupanda basi kwenda kiwandani, utazinufaisha shule zenye fedha zilizo karibu na barabara kuu, na pengo litapanuka kwa jina la maendeleo.

Ndiyo sababu makala haya yanasisitiza uzalishaji mdogo na usafirishaji wa matatizo badala ya wanafunzi. Kijiji kisicho na kiwanda cha saruji kina mtengenezaji wa sabuni, tanuru la matofali, kisima chenye maji magumu, au mashine ya kukamua alizeti. Sampuli na data za kiwanda cha mbali zinaweza kufika kwa gharama ya kifurushi kimoja.

Usawa wa jinsia nao uangaliwe. Ikiwa wavulana watapewa kusoma mita na wasichana kuandika kumbukumbu, ushirikiano utakuwa umefundisha jambo ambalo halikukusudiwa. Kazi zizungushwe, na palipo na mkemia au mhandisi mwanamke, awe miongoni mwa wanaoongoza.

Changamoto nyingine ni uhuru wa kuuliza. Kiwanda kinachofadhili kazi ya shule kinaweza kutarajia sifa. Mwanafunzi hana budi kubaki huru kuuliza maji machafu yanaishia wapi. Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya Ziwa Natron ulizua mjadala mkubwa, kwa kuwa ziwa hilo, lililoorodheshwa mwaka 2001 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo. Pande zote za mjadala huo zilikuwa na hoja za ajira, mapato, maji na viumbe. Darasa lililofundishwa kupima na kukokotoa linaweza kuuchambua mjadala wa namna hiyo kwa namba pamoja na hisia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa kumwingiza mwanafunzi katika kemia ya viwandani ni kumkabidhi swali ambalo mzalishaji analiuliza kweli, pamoja na vifaa na muda wa kulijibu. Chumvi humfundisha umumunyifu, sabuni humfundisha uwiano wa moli, maji humfundisha kuchagua kipimo, na saruji humfundisha gharama ya kile kisichoonekana. Walimu wanashauriwa kuanza na uzalishaji ulio karibu na shule, hata uwe mdogo. Viwanda vinashauriwa kutoa sampuli, data na majibu ya maandishi kabla ya kutoa fulana na chakula cha mchana. Na watunga mitihani wanashauriwa kuuliza sababu za namba pamoja na namba zenyewe. Mwanafunzi atakayeeleza kwa nini tanuru la asidi huendeshwa kwa nyuzi 450, na nini kitapotea likiongezwa au kupunguzwa moto, atakuwa ameanza kufikiri kama mkemia wa viwandani, hata kabla hajavuka lango la kiwanda chochote.